Dawa iko rafuni, majeruhi yuko kitandani

Mhariri,

Makala yenu kuhusu tiba mpya za dharura kwa majeruhi nimeisoma na kalamu mkononi, kama ninavyosoma ankara. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi mtu aliyegongwa na gari anavyoweza kufa kwa kuishiwa damu akiwa ameshafika hospitali, na amezitaja dawa na vifaa ambavyo vingeweza kumwokoa. Tulipoachana ni pale alipofunga hoja yake, kwamba tiba hizi haziwafikii wagonjwa kwa sababu ni ghali.

Mimi ni mfamasia wa hospitali. Wauguzi wa zamu ya usiku wananiita Mama Kadi, kwa sababu hakuna kichupa kinachotoka stoo bila kadi yake kujazwa. Ankara zinapita mikononi mwangu, na kila robo mwaka naandika orodha ya vitu vilivyoisha muda. Kutoka upande wangu wa dirisha naona karibu kinyume cha alichoandika. Dawa ya bei rahisi kuliko zote alizozitaja ndiyo inayochelewa kumfikia majeruhi, na baadhi ya vitu ghali vilishanunuliwa zamani, vikakaa kwenye maboksi yao mpaka muda ukaisha.

Hiyo ya bei rahisi ni asidi ya traneksamiki. Ni kichupa cha kioo chenye mililita 5 za maji yasiyo na rangi, miligramu 500 ndani yake, na vichupa viwili ndiyo dozi ya kwanza ya mtu mzima. Haihitaji friji. Hataza yake iliisha siku nyingi, kwa hiyo viwanda vingi vinaitengeneza. Mtu akiumia, mwili hujenga bonge la damu kuziba pale palipokatika, na nyuzi za fibrini ndizo zinazolishikilia bonge hilo. Mwili huohuo una kimeng'enya cha kuyeyusha nyuzi hizo kidonda kikishapona. Kwa majeruhi aliyeumia vibaya, uyeyushaji huo unaanza mapema mno, kabla hata damu haijatulia. Dawa hii inawahi kukaa mahali ambapo kimeng'enya kingeshikia. Bonge linabaki.

Walioigundua ni mume na mke wa Kijapani, Shosuke na Utako Okamoto, waliotangaza kazi yao mwaka 1962. Utako aliwafikiria wanawake wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, lakini hakufanikiwa kuwashawishi wakunga na madaktari wa wakati ule waijaribu. Dawa ikaishia kwenye hedhi nzito na kung'oa meno kwa wenye ugonjwa wa damu isiyoganda. Ilikaa huko karibu nusu karne. Mwaka 2010 ndipo yakatoka matokeo ya utafiti ulioitwa CRASH-2, uliofanyika katika hospitali 274 za nchi 40 na kuhusisha majeruhi 20,211. Katika kila 100 waliotundikiwa maji ya chumvi matupu, 16 walifia hospitali. Kwa waliopewa dawa walikuwa 14 na nusu.

Najua msomaji atasema pointi moja na nusu si kitu. Azidishe basi kwa majeruhi wote wanaotokwa na damu duniani, kisha aangalie saa. Waliopewa ndani ya saa ya kwanza, vifo vyao vya kuishiwa damu vilipungua kwa karibu theluthi moja. Waliopewa baada ya saa tatu, vifo hivyo viliongezeka. Mwaka 2018 watafiti walikusanya takwimu za wagonjwa zaidi ya 40,000 wakakuta kwamba kila dakika 15 za kuchelewa zinakula karibu asilimia 10 ya faida ya dawa. Kwa hiyo dawa ni ileile, kichupa ni kilekile, bei haijabadilika, lakini saa mbili za kuzunguka kwenye korido zinaweza kuifanya isiwe na maana, na nyingine mbili zikaifanya iwe hatari. Sijui dawa nyingine nyingi kwenye rafu zangu zenye tabia hiyo.

Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya majeruhi mwaka 2011. Mwaka huohuo wachumi wa afya walipiga hesabu ya gharama ya kila mwaka mmoja wa uhai unaookolewa kwa dawa hii, wakapata dola 48 Tanzania, dola 66 India na dola 64 Uingereza. Nimekaa na hesabu za hospitali muda mrefu, na ni mara chache sana kuona nchi tatu za namna hiyo zikisimama karibu mstari mmoja. Nani basi anayeweza kusema imemshinda bei?

Nieleze inavyochelewa, maana hapo ndipo makala yenu ilipopita haraka.

Nilipokabidhiwa stoo ya hospitali ninayofanyia kazi sasa, kadi ya dawa hii ilikuwa inasomeka: wodi ya wanawake, chumba cha upasuaji, wodi ya wanawake, kliniki ya meno. Idara ya dharura haikuonekana popote. Nikaenda kuuliza. Muuguzi mkuu wa idara akaniambia wao huomba dawa daktari akiandika. Daktari wa zamu, kijana mwelewa kabisa, akasema alidhani hiyo ni dawa ya kuamuliwa na daktari bingwa wa upasuaji. Bingwa akasema yeye angeiandika bila shida, ila majeruhi humfikia akiwa tayari mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na kwa wakati huo saa zimekwenda. Kila mmoja alikuwa na jibu la haki. Hakuna aliyeikataa dawa, na hakuna aliyekuwa ameitoa.

Hata pale daktari alipoandika, karatasi ilikuwa na safari yake. Muuguzi anaipeleka dirishani. Dirisha linataka namba ya malipo. Namba ya malipo inataka ndugu wa mgonjwa. Ndugu hayupo, kwa sababu majeruhi ameletwa na msamaria aliyemwokota barabarani, akamshusha, akaondoka. Ikiwa ni usiku, funguo ya stoo anayo mtu aliye nyumbani kwake. Sasa hesabu robo saa ngapi ziko humo ndani.

Tulichofanya si cha ajabu, na hospitali nyingi duniani zimefanya zaidi. Tulitengeneza kifurushi: vichupa viwili, chupa ndogo ya maji ya chumvi ya mililita 100, bomba la sindano, na kadi ngumu inayosema dawa ipitishwe kwa dakika 10. Chini ya kadi kuna mistari miwili ya kujaza, saa aliyofika na saa dawa ilipoanza kuingia. Vifurushi vinakaa kwenye toroli la dharura kando ya kitanda, si kabatini. Daktari wa zamu ana ruhusa ya kutumia bila kumpigia mtu simu. Malipo yanafuata baadaye, na kama hayakufuata, hospitali inabeba. Asubuhi mtu wangu wa stoo anapita, anachukua kadi zilizojazwa, anarudisha vifurushi vipya.

Unaweza kudhani kazi ilikuwa kupata hela za kununulia. Hela za mwaka mzima zilipitishwa katika kikao kimoja, kabla ya chai. Kilichotukalisha ni nani atasaini. Mhasibu alitaka kujua dawa inatokaje stoo bila jina la mgonjwa. Mkaguzi wa hesabu akataka kujua hivyohivyo, kwa barua. Ni swali halali, mimi mwenyewe ningeuliza, na wizi wa dawa si hadithi. Mwishowe nilimwuliza mhasibu kama kizima moto kilichoning'inia nje ya ofisi yake kinatolewa kwa fomu moto ukishawaka. Alicheka, lakini hakusaini siku hiyo. Alisaini tulipokubaliana kwamba kadi iliyojazwa pamoja na vichupa vitupu ndiyo risiti.

Halafu kuna gharama ambayo haionekani kwenye ankara yoyote. Madaktari wa mafunzo kazini wanabadilika. Wauguzi wanahamishwa wodi. Kila kundi jipya linapokuja ni lazima mtu asimame mbele yao na kifurushi mkononi aeleze tena kuhusu saa tatu, aeleze tena kwamba huyu mwanamke mzee aliyeanguka ngazi naye anahesabika. Hili la mwisho silisemi kwa kubuni. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake walioumia walipewa dawa hii mara chache kuliko wanaume, hata pale hatari yao ya kufa kwa kutokwa damu ilipokuwa ileile. Nadhani tunapofikiria majeruhi, wengi wetu bado tunamwona kijana wa kiume juu ya pikipiki. Kufundisha tena na tena ni kazi ya mtu, ina mshahara, na hakuna kifungu cha bajeti kinachoitwa kurudia.

Kwa nini basi vitu ghali vinaingia haraka? Jibu langu litawaudhi baadhi ya wenzangu. Mawakala wa makampuni huja dirishani kwangu mara kwa mara, wamevaa vizuri, wana picha za kuvutia, wana mialiko ya semina. Sijawahi kutembelewa na wakala wa asidi ya traneksamiki. Haiwezekani: faida ya kichupa kimoja haimlipi hata nauli. Siwalaumu mawakala, wanafanya kazi waliyoajiriwa. Ila ni vyema msomaji ajue kwamba ukimya unaozunguka dawa fulani hauna uhusiano na ubora wake.

Mfano ambao wafamasia wa rika langu hawausahau ni kigandisha damu namba saba, kile kinachotengenezwa maabara kwa ufundi wa vinasaba. Kilitengenezwa kwa wagonjwa wa hemofilia, ule ugonjwa wa damu isiyoganda, ambao miili yao inakataa dawa za kawaida, na kwao ni mkombozi, sina ubishi. Kisha madaktari wakaanza kukitumia kwa majeruhi, vita vya Iraki vikakipa sifa, na hospitali za raia zikaiga. Dozi ya mtu mzima ilikuwa maelfu ya dola. Utafiti mkubwa ulipokuja kuchapishwa mwaka 2010, ukiwa umesimamishwa mapema baada ya majeruhi 573, ulionyesha kwamba waliopewa walihitaji damu kidogo ya kuongezewa, lakini vifo havikupungua. Ni mwaka uleule wa CRASH-2. Kile cha maelfu ya dola kilikuwa kimeshazunguka dunia kwa masimulizi, na kichupa cha bei rahisi kilihitaji ushahidi wa watu 20,000 ndipo kifunguliwe mlango, na bado mlango ukafunguliwa nusu.

Au chukua puto la mshipa mkuu, ambalo mwandishi wenu amelisifu sana. Daktari anapitisha mrija kwenye mshipa wa kinena, anausukuma hadi kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni, anajaza puto, damu inayokwenda chini inazuiwa. Kwa macho ni kitu cha kustaajabisha, shinikizo la damu linapanda mbele yako kwenye kioo cha mashine. Uingereza walilipima katika vituo vikubwa 16 vya majeruhi, wagonjwa 90, na matokeo yakatoka mwaka 2023. Ndani ya siku 90 walikufa asilimia 54 ya waliowekewa puto na asilimia 42 ya waliotibiwa kwa njia za kawaida. Utafiti ni mdogo, na mimi si mpasuaji wa kutoa hukumu. Lakini maelezo mojawapo ya watafiti yanafanana na ninayoyaona dirishani: muda uliotumika kuweka puto ni muda ambao majeruhi hakuwa anapelekwa mahali pa kufunga mshipa unaovuja.

Katika hospitali moja niliyowahi kuitumikia, vifaa vya aina hiyo vilinunuliwa kwa sherehe. Aliyefundishwa kuvitumia alikuwa daktari mmoja. Akapata kazi kwingine. Maboksi yalibaki rafuni yakiwa na vumbi, tarehe ikafika, na mimi ndiye niliyesaini fomu ya kuyateketeza. Kwenye ripoti ya mwaka yalikuwa yameandikwa kama mafanikio.

Sitaki nieleweke kwamba bei nafuu ni cheti cha ubora. Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari walikuwa wakiwapa waliopasuka kichwa dawa za jamii ya steroidi, kwa hoja iliyosikika ya maana kabisa kwamba zinapunguza uvimbe wa ubongo. Zilikuwa rahisi, zilikuwepo kila stoo. Utafiti wa watu 10,008 uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba baada ya wiki mbili walikuwa wamekufa asilimia 21.1 ya waliopewa, dhidi ya 17.9 ya wasiopewa. Fikirieni ni watu wangapi kwa miaka yote ile, dunia nzima, na nia ilikuwa njema. Ndiyo maana mwandishi wenu anapolalamika kwamba hospitali ni wazito kupokea mambo mapya, mimi namwambia uzito mwingine ni wa heri.

Na hata hii ninayoipigia debe ina mipaka. Kwa walioumia kichwa, utafiti wa mwaka 2019 wenye wagonjwa 12,737 uliona faida kwa wale ambao hawakuumia vibaya sana na waliowahi. Kwa walioumia sana faida haikuonekana wazi. Mwingine wa mwaka 2023, ambamo dawa ilitolewa kabla ya kufika hospitali katika nchi zenye huduma nzuri za ambulensi, haukuona ongezeko la watu waliorudia maisha yao ya kujitegemea baada ya miezi sita. Ndugu wa mgonjwa wanastahili kuambiwa hivyo. Dawa inazuia baadhi ya vifo. Haimrudishi kila mtu kazini.

Kuhusu plazima kavu, yaani ile sehemu ya majimaji ya damu ikiwa imekaushwa, nakubaliana na makala yenu kwa sehemu. Plazima ya kawaida imegandishwa kwenye barafu na inabidi iyeyushwe, dakika zinakwenda. Iliyokaushwa ni unga ndani ya chupa, unakaa bila friji, unachanganywa na maji pale pale kando ya mgonjwa. Wafaransa wamekuwa wakiitengeneza kwa ajili ya jeshi lao tangu miaka ya 1990. Ni ghali, na ushahidi wenyewe unavutana. Marekani mwaka 2018, majeruhi 501 waliosafirishwa kwa helikopta: waliopewa plazima njiani walikufa asilimia 23.2 ndani ya siku 30, wasiopewa 33. Uingereza mwaka 2022, majeruhi 432: waliopewa damu na plazima kavu njiani hawakuonyesha tofauti na waliopewa maji ya chumvi. Hapa ningesubiri, au ningeinunua kwa maeneo ambayo majeruhi anakaa njiani kwa saa nyingi. Ila ningetaka anayeamua aseme anaamua kwa sababu ipi, na aiandike.

Kwenye damu yenyewe kuna kichekesho ambacho makala haikukigusa. Hospitali tajiri zilijenga mashine za kutenganisha damu: chembe nyekundu huku, plazima kule, chembe za kugandisha pembeni. Halafu zikatumia miaka kujifunza jinsi ya kumrudishia majeruhi vyote vitatu kwa kiasi sawa; utafiti wa mwaka 2015 wa wagonjwa 680 ulikuwa juu ya jambo hilohilo. Sasa nyingi zinarudi kwenye chupa ya damu nzima kama ilivyotoka kwa mchangiaji. Wale ambao hawakuwahi kumudu mashine wameamka asubuhi wakaambiwa wako kwenye mstari wa mbele wa tiba. Tatizo lao halikuwa mashine wala halijawa mashine. Ni wachangiaji.

Mkanda wa kubana mguu au mkono unaovuja damu nausemea kwa ufupi kwa sababu hauna ubishi mwingi. Katika hospitali ya kijeshi mjini Baghdad waligundua kwamba waliofungwa mkanda kabla damu haijapungua kiasi cha kuzimia walipona tisa kati ya kumi, na waliofungwa wakiwa wameshafikia hali hiyo alipona mmoja kati ya kumi. Ombi langu hapa ni kwa wanunuzi wenzangu: bidhaa za kuiga zimejaa sokoni, zinafanana na halisi kwa rangi na maandishi, na kijiti cha kukazia kinavunjika mkononi pale unapokihitaji. Ukiona bei imeshuka mno, fungua boksi moja, ukaze wewe mwenyewe mpaka mwisho kabla hujasaini kupokea.

Kuna jambo jingine linalonipa moyo. Mwaka 2021 watafiti waliripoti kwamba asidi ya traneksamiki ikichomwa kwenye msuli, badala ya mshipa, ilifika kwenye damu ya majeruhi kwa kiwango cha kufanya kazi ndani ya dakika chache tu. Walikuwa wagonjwa 30, na walichopima ni kiasi cha dawa kwenye damu, si nani alipona. Lakini kama tafiti kubwa zitathibitisha, mtu asiyejua kutafuta mshipa kwenye mkono uliopoa ataweza kuitoa barabarani. Hapo swali la nani anaruhusiwa litarudi, na safari hii halitakuwa la mhasibu wa hospitali. Litakuwa la mabaraza ya kitaaluma na sheria zinazosema nani ashike sindano. Ningependa gazeti lenu lianze kuwauliza mapema.

Mwandishi wenu anasema njia ya kutokea ni wafadhili. Fedha za wafadhili nimezipokea, na nashukuru. Kawaida zinanunua kitu chenye picha. Sijawahi kupokea fedha iliyoandikwa kwamba ni ya kulipa posho ya muuguzi anayefundisha zamu ya usiku, au ya kujaza vifurushi mwaka wa pili baada ya wageni kuondoka. Kama kuna mtu anataka kusaidia kwa kiasi kidogo, hapo ndipo pana pengo, ingawa hapana utepe wa kukata.

Naomba pia mwandishi akirudi kwenye mada hii asianzie kwa mkurugenzi wala kwa mashine. Aende idara ya dharura, aombe kuonyeshwa, bila majina ya wagonjwa, saa ambayo majeruhi alifika na saa ambayo dawa ya kwanza ya kuzuia damu iliingia mwilini mwake. Kwetu zimo kwenye kadi, na hazipendezi zote. Zile za usiku wa mwisho wa wiki bado ni ndefu kuliko ninavyotaka, na mwezi ujao tunajaribu kumpa muuguzi wa mapokezi ruhusa ya kuanza dawa kabla daktari hajafika. Baadhi ya madaktari hawajafurahia. Kikao ni Jumanne.

Mfamasia wa hospitali
(jina na anwani vimehifadhiwa kwa mhariri)